Mhudumu wa mgahawa Marekani analipwa na nani?

Kuku wa kuchoma aliyeandikwa dola 16 kwenye menyu ya mgahawa wa Houston, jimbo la Texas, atakutoka dola 20 na senti 52, na hapo hakuna aliyekuibia. Dola 1 na senti 32 ni kodi ya mauzo, asilimia 8.25, ambayo Wamarekani hawaifichi ndani ya bei kama sisi tulivyozoea VAT kuwa imo humo humo. Dola 3 na senti 20 ni bakshishi ya asilimia 20. Hiyo haiandikwi kwenye menyu, hakuna sheria inayokulazimisha kuitoa, na usipoitoa watu wa meza yako watakutazama kama uliyemnyang'anya mtoto andazi.

Mgeni kutoka Dar, Mombasa au Bukavu anakwama hapo hapo. Kama si lazima, mbona wote wanatoa? Na kama ni lazima, kwa nini wasiiweke kwenye bei tukajua moja?

Kwetu hesabu ni nyepesi. Umekaa baa Sinza, Dar, bili imekuja shilingi 18,000, unatoa noti mbili za elfu kumi na kusema, "Chenji baki nayo, dada." Au unamwambia naye achukue soda, na kama ni mjanja soda haifunguliwi: anaiacha kaunta, anachukua pesa yake. Ukiondoka bila kuacha kitu atanuna kidogo, yataisha. Mshahara wake unaweza kuwa mdogo, unaweza kuchelewa, na ziko baa ambako huo mshahara ni jina tu. Lakini bosi wa Sinza anayemwambia mhudumu "wewe utalipwa na wateja" anakwepa sheria. Bosi wa Houston anayesema karibu maneno hayo hayo anaifuata.

Sheria yenyewe ni ya serikali kuu ya Marekani, ile ya mishahara na saa za kazi ya mwaka 1938, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Inasema kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Ila kwa mfanyakazi ambaye kwa kawaida hupata zaidi ya dola 30 za bakshishi kwa mwezi, mwajiri anaruhusiwa kutoa dola 2.13 tu. Dola 5.12 zilizopungua zimeshahesabiwa kwamba utazilipa wewe, kabla hata hujavuta kiti. Wiki ikiisha, zikijumlishwa bakshishi na ule mshahara na zisifike 7.25 kwa kila saa, mwajiri anapaswa kufidia pengo. Zikifika, yeye amemaliza na 2.13 yake.

Kiwango hicho cha dola 2.13 kilianza Aprili 1991. Wakati ule kima cha chini kilikuwa dola 4.25, kwa hiyo cha wahudumu kilikuwa nusu yake, na kingine kikipanda nacho kilipanda. Mwaka 1996 Bunge likapandisha mshahara wa watu wengine, na ndani ya sheria hiyo hiyo likaikata ile kamba: cha wahudumu kikabaki pale pale. Aliyezaliwa mwaka huo leo huenda ana watoto wanaosoma, na dola 2.13 ni ile ile.

Tazama inavyokuwa kwenye karatasi ya mshahara. Mhudumu kafanya saa 30 kwa wiki: 30 mara 2.13 ni dola 63 na senti 90. Tuseme wateja wamemwachia dola 500 kupitia kadi. Michango ya uzeeni na ya matibabu ya wazee, asilimia 7.65, inakatwa kwa mapato yote, bakshishi zikiwemo, na hiyo ni kama dola 43. Bakshishi kwa kawaida ameshachukua, kwa hiyo makato yanaangukia ule mshahara mdogo. Zinabaki kama dola 20, na kodi ya mapato inazimalizia. Ndiyo maana kuna wahudumu ambao kila baada ya wiki mbili wanapokea hundi ya mshahara iliyoandikwa sifuri. Haijakosewa. Kila senti aliyokula nayo wiki ile imetoka mfukoni mwa waliokaa kwenye meza zake.

Kuna jambo jingine ambalo hata waliokaa Marekani miaka mingi hawalijui kama hawajawahi kufanya kazi hiyo. Bakshishi unayoacha haiishii kwa mtu aliyekuletea chakula. Zamu ikiisha, yeye naye anagawa: kijana anayeondoa vyombo na kufuta meza, mtu wa kaunta aliyetengeneza vinywaji, anayepokea wageni mlangoni, anayekimbiza sahani kutoka jikoni. Na migahawa mingi haihesabu mgao huo kwa bakshishi aliyopata. Inahesabu kwa mauzo ya meza zake.

Chukua meza ya watu wawili waliokula dola 48 kabla ya kodi, na mgahawa unaodai mhudumu atoe asilimia 4 ya mauzo kwa wenzake. Mgao wa meza hiyo ni dola 1 na senti 92. Ukiacha asilimia 20, yaani dola 9 na senti 60, zinambakia dola 7 na senti 68. Usipoacha kitu, mgao uko pale pale: anatoa dola 1 na senti 92 kutoka kwenye bakshishi ya meza ya jirani. Amekuhudumia saa nzima na juu yake amelipia wewe kukaa pale. Mgeni anayesema "mimi sikujua" hana kosa, lakini pesa hiyo imetoka kwa mtu.

Wasioruhusiwa kula kwenye sufuria hiyo ni mwenye mgahawa na mameneja wake. Tangu 2018 sheria ya serikali kuu imekataza waziwazi waajiri kujiwekea bakshishi za wafanyakazi, iwe wanawalipa 2.13 au zaidi. Meneja anaweza kuchukua ile tu aliyopewa kwa huduma aliyoitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Mpaka hapa mtu atasema basi, nimeelewa: mhudumu halipwi, ndiyo maana natoa. Subiri. Marekani ni majimbo 50, na saba kati yake (Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington) hayaruhusu kabisa hesabu hiyo ya kupunguza. Huko mhudumu analipwa kima cha chini kamili kama mtu mwingine yeyote, na bakshishi inakuja juu. Ndugu zetu walio Minneapolis au Seattle wako kwenye majimbo hayo. Seattle mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 20.76 kwa saa. Houston, 2.13. Karibu mara kumi, nchi moja, sahani ile ile ya tambi. Na mteja wa Seattle anatarajiwa kuacha asilimia zile zile 18 hadi 20 kama wa Houston.

Hapo ndipo maelezo ya kwamba "wanatoa kwa sababu wahudumu hawalipwi" yanapopungukiwa. Sheria inaeleza kwa nini mfumo unamuumiza mhudumu wa Texas. Haielezi kwa nini wa Seattle naye anapewa. Mazoea yalitangulia, sheria ikaja kuyapangia hesabu.

Mazoea yenyewe Wamarekani waliyatoa Ulaya. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, matajiri waliokuwa wakisafiri kwenda Ulaya walirudi na tabia ya kuwatupia watumishi sarafu, ili waonekane wamestaarabika. Wakati huo huo mamilioni ya Waafrika waliokuwa watumwa walikuwa huru na hawana kazi. Kampuni ya Pullman, iliyoendesha mabehewa ya kulala kwenye reli, iliwaajiri kwa wingi kuwa wapagazi na watandikaji wa vitanda, ikawalipa mshahara kiduchu na kuwaachia abiria wamalizie. Abiria wengi hawakujisumbua kuuliza jina la mtu. Walimwita kila mmoja "George", jina la mwenye kampuni. Wapagazi hao walikuja kuunda chama chao mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ilichukua mpaka 1937 kampuni kusaini mkataba nao.

Si kwamba Wamarekani wote waliupenda mtindo huo. Wengi waliuona ni ubwana na utwana unaorudi kwa mlango wa nyuma. Jimbo la Washington, hilo hilo la Seattle, lilipiga marufuku bakshishi mwaka 1909, na majimbo mengine yakafuata, yakiwemo Mississippi, Arkansas na Iowa. Hakuna aliyezifuata sheria hizo, na kufikia 1926 zote zilikuwa zimefutwa. Ile sheria ya mishahara ya 1938 ilipopitishwa, wafanyakazi wa migahawa na hoteli wengi waliachwa nje. Waliingizwa mwaka 1966, na waliingizwa na kasoro yao: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara, hadi nusu.

Kuing'oa sasa si rahisi, na wa kwanza kulijua hilo ni Danny Meyer, mwenye migahawa maarufu New York. Mwaka 2015 alitangaza kuondoa bakshishi kwenye migahawa yake: bei zipande, kila mtu alipwe mshahara, basi. Sababu yake ilikuwa jikoni. Mpishi anayesimama mbele ya moto kwa muda wa saa kumi alikuwa anaona pengo kati yake na mhudumu likikua kila bei ilipopanda, kwa kuwa bakshishi ni asilimia ya bei. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini mteja akiona sahani ya dola 36 mlango huu na ya dola 30 mlango wa pili, hakumbuki kwamba ya 30 itafika 36. Wahudumu wazoefu nao walihamia kwenye migahawa yenye bakshishi, wanakopata zaidi. Mwaka 2020 Meyer aliirudisha.

Kwenye kura pia mambo hayanyooki. Wapiga kura wa Washington, D.C., yaani mji mkuu wa nchi na si lile jimbo la Seattle, waliamua mwaka 2022 kwamba mshahara mdogo wa wahudumu uondolewe hatua kwa hatua. Mwaka 2025 Baraza la jiji likaupunguza makali uamuzi huo. Massachusetts walipoulizwa swali kama hilo Novemba 2024, walikataa kwa kura nyingi, na miongoni mwa waliopiga kampeni ya kukataa walikuwemo wahudumu wenyewe. Mhudumu wa mgahawa wa nyama za bei mbaya katikati ya Boston, Ijumaa usiku, anaondoka na pesa ambayo hakuna mshahara wa kima cha chini utakaoifikia. Anayebeba sahani za mayai kwenye mgahawa wa barabarani saa kumi na moja alfajiri ana hesabu nyingine kabisa. Mfumo mmoja unamnenepesha mmoja na kumkondesha mwingine, na wanaosikika zaidi ni wale walionenepa. Kwa maoni yangu njia ya yale majimbo saba ndiyo ya haki: mshahara kwanza, shukrani baadaye. Lakini kubishana na mfumo kwa kumwacha mhudumu wa Houston mikono mitupu ni kumchapa punda kwa kosa la mwenye mzigo.

Sasa umekaa mezani, utoe kiasi gani? Ukihudumiwa mezani, asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi. Zamani ilikuwa 10, baadaye 15. Leo ukiacha 15 mhudumu atajua hukuridhika. Ukiwa New York kuna hesabu ya haraka wanayoitumia wenyeji: kodi ni asilimia 8.875, basi angalia mstari wa kodi kwenye bili, uizidishe mara mbili, unapata karibu 18. Huduma ikiwa mbovu kweli, muite meneja umweleze. Kuacha sifuri hakufikishi ujumbe kwa yeyote; atadhani wewe ni mgeni tu hujui, na mgao wake utakatwa vile vile.

Kaunta ya baa ina utaratibu wake. Bia ya chupa au ya bomba, dola moja kwa kila inayoletwa. Kinywaji cha kuchanganya, dola mbili, kwa kuwa kina kazi. Ukiacha kadi kaunta na kulipa mwisho, rudi kwenye asilimia 20. Usisubiri mpaka mwisho wa usiku kama tunavyofanya nyumbani halafu umwage noti kwa pamoja kwa sababu umefurahi: baa ikijaa watu watatu watatu mbele ya kaunta, anayehudumiwa haraka ni yule aliyeacha dola kwenye mzunguko wa kwanza.

Kisha kuna skrini. Umeenda kununua kahawa na mkate, umesimama mwenyewe, umebeba mwenyewe, na mtu anakugeuzia kibao kinachouliza: 18, 20 au 25? Skrini hizi zilikuwepo kabla ya 2020, ila janga la UVIKO lilizisambaza, na watu walipozoea kuwasaidia wafanyakazi wakati ule swali likabaki. Hapa una uhuru. Mtu wa kaunta ya kahawa mara nyingi analipwa walau kima cha chini kamili, na kugusa kitufe cha kukataa si ufukara wala utovu wa adabu, ingawa foleni nyuma yako itakufanya uhisi hivyo. Chakula unachochukua mwenyewe na kuondoka nacho, ni hiari vile vile. Kinacholetwa mpaka mlangoni, mpe aliyekileta. Na chunguza namba: baadhi ya skrini hupiga asilimia juu ya jumla yenye kodi, kwa hiyo 20 yao ni kubwa kuliko 20 yako.

Mtego mkubwa kuliko wote uko kwenye bili yenyewe. Mkiwa watu sita au wanane, migahawa mingi huongeza yenyewe asilimia 18 au 20. Miami na maeneo mengine ya watalii wanaiweka hata kwa watu wawili. Chini yake bado kutakuwa na mstari mtupu wa bakshishi, unakusubiri. Mgeni asiyesoma anaandika 20 nyingine na kulipa mara mbili, na hakuna atakayemkimbilia barabarani kumrudishia. Soma bili yote, hasa pale katikati.

Hiyo nyongeza ya lazima, hata ikiitwa ya huduma, kisheria si bakshishi. Mamlaka ya mapato ya Marekani inaihesabu kuwa pesa ya mgahawa. Ikimfikia mhudumu inamfikia kama mshahara, na sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwenye mgahawa kumpa yote. Waingereza wamelishughulikia hilo kwa namna yao: London ni kawaida kukuta asilimia 12.5 imewekwa kwenye bili, unaruhusiwa kuomba iondolewe pale ambapo ni ya hiari, na tangu 1 Oktoba 2024 mwajiri anatakiwa kisheria kuwapa wafanyakazi bakshishi na pesa hiyo ya huduma yote, bila kumega. Wafaransa walimaliza zamani. Tangu 1987 bei ya menyu inatakiwa kuwa na kodi na huduma ndani yake, na sarafu unazoacha mezani ni ihsani tu. Ukiwa hoteli ya Nairobi, ambako bili inaonyesha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, ukikuta na mstari wa huduma muulize mhudumu kwa upole kama hiyo inawafikia. Atakujibu.

Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi hizi Marekani, tofauti hiyo kati ya bakshishi na nyongeza ya lazima sasa ina thamani ya pesa. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inamruhusu anayepokea bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu, kuanzia mwaka wa kodi 2025 mpaka 2028, na nafuu hiyo hupungua kwa wenye kipato cha juu ya dola 150,000 (300,000 kwa waliooana wanaojaza pamoja). Waliooana hawana budi kujaza fomu ya kodi pamoja, na inahitajika namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) inayoruhusu kufanya kazi. Ile michango ya asilimia 7.65 inaendelea kukatwa. Na bakshishi inayokubalika ni ile aliyoitoa mteja kwa hiari yake: ile asilimia 18 iliyopigwa na mashine kwa meza ya watu wanane haimo, hata kama yote umepewa wewe. Noti zilizotolewa mkononi zimo, mradi umeziandika. Mhudumu aliyezoea kuzikunja mfukoni kimya kimya atakuta mwisho wa mwaka hana kitu cha kuombea nafuu, kwa kuwa kwenye karatasi hakuzipata.